Picha za Mageto na Mkono Uliozipiga

Miongoni mwa filamu za hali halisi zinazohusu Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi, ninazithamini zaidi zile zinazoihoji picha ya zamani kabla ya kuifanya ushahidi. Sehemu kubwa ya picha za mageto ya Poland, yaani mitaa ambamo Wayahudi walifungiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilipigwa na Wajerumani walioyatawala, na mtazamaji asiyeelezwa jambo hilo huishia kuwatazama wafungwa kwa macho ya askari magereza wao.

Mnamo Mei 1942 wapiga picha wa Kijerumani waliingia katika geto la Warsaw na kurekodi filamu ya propaganda ambayo haikukamilishwa. Tarehe 22 Julai mwaka huohuo wakazi wa geto walianza kusafirishwa kwa wingi kwenda kuuawa katika kambi ya Treblinka. Filamu hiyo ya takriban saa moja, isiyo na sauti, ilipatikana baada ya vita katika hifadhi ya kumbukumbu ya Ujerumani Mashariki, na kwa miongo kadhaa vipande vyake vilitumiwa kana kwamba vinaonyesha maisha ya kawaida ya geto. Mwaka 1998 yakapatikana mabaki ya uhariri, yaani vipande vilivyokuwa vimeachwa nje ya filamu, ambayo yalibadilisha kila kitu: tukio lilelile linarudiwa mara kadhaa, na mpiga picha mwingine anaonekana ndani ya fremu.

Yael Hersonski, mwongozaji kutoka Israeli, aliyatumia mabaki hayo katika A Film Unfinished ya mwaka 2010. Anaiweka picha kando ya shajara ya Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi wa geto, na kando ya maelezo ya Willy Wist, mmoja wa waliopiga picha hizo. Kisha anawaketisha manusura ukumbini waitazame, naye anazitazama nyuso zao. Hapo ndipo uongo wa karamu zilizopangwa kwa ajili ya kamera unapotengana na ukweli wa njaa, kwa maana maiti zilizoonekana barabarani hazikuwa za maigizo.

Dariusz Jabłoński wa Poland alikuwa ameshapita njia inayokaribiana na hiyo mwaka 1998 katika Fotoamator, inayotumia slaidi za rangi za Walter Genewein, Mwaustria aliyekuwa mhasibu mkuu wa utawala wa Kijerumani wa geto la Łódź. Genewein aliiandikia kampuni iliyotengeneza filamu za kamera yake akilalamikia wekundu uliojitokeza kwenye picha. Hayo ndiyo yaliyomsumbua. Jabłoński anampa neno Arnold Mostowicz, daktari aliyenusurika geto hilo, na anaionyesha Poland ya leo kwa rangi nyeusi na nyeupe, huku rangi kamili ikibaki kwenye slaidi za mhasibu.

Claude Lanzmann, mwongozaji Mfaransa, katika Shoah ya mwaka 1985, filamu ya zaidi ya saa 9 kuhusu mauaji ya Wayahudi, alikataa kutumia picha yoyote ya zamani kutoka hifadhi ya kumbukumbu. Nauheshimu sana uamuzi huo, lakini sikubali kwamba ndiyo njia pekee ya uadilifu. Bianca Stigter, katika Three Minutes: A Lengthening ya mwaka 2021, hatoki kabisa nje ya dakika tatu alizorekodi David Kurtz, mgeni kutoka Marekani, katika mji wa Nasielsk, Poland, mwaka 1938. Anazirudisha nyuma, anazisimamisha, anafuatilia kibao cha duka, vifungo vya nguo na nyuso za watoto wanaosukumana ili waonekane. Wayahudi wa Nasielsk walikuwa takriban 3,000, na walionusurika hawakufika 100.