Kumtumaini Mungu moyo ukiwa na fadhaa: maana yake hasa ni nini?

Matangani kwetu Vihiga kuna maneno yasiyokosekana. Mfiwa akianza kulia kwa sauti, mzee wa kanisa au mmoja wa akina mama humshika bega na kumwambia, "Nyamaza, mama. Mtumaini Mungu." Miaka kadhaa iliyopita senge yangu, dada yake baba, alizika kijana wake wa pili. Siku ile aliambiwa maneno hayo mara nyingi mpaka akaacha kuitikia. Jioni watu walipopungua aliniita jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani nikilia nimeacha kumtumaini?"

Sikuwa na jibu, nikamwongezea chai. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta neno hili ndani ya Biblia na ndani ya Kiswahili chenyewe, na nimegundua kwamba tunalitumia kila Jumapili bila kulikagua.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaa jirani na kutumaini, na majirani hawa wakichanganywa huleta ugomvi. Kuna kuamini, neno la asili ya Kiarabu lililozaliwa nyumba moja na amana na uaminifu. Hata ile "amina" tunayofungia sala, iliyotoka kwenye Kiebrania, ni ndugu yao wa mbali, na mzizi wao unahusu kitu kilicho imara, kisichoyumba. Kisha kuna kutarajia, ambako hutazama tukio: natarajia mvua, natarajia mshahara, natarajia matatu ya kwenda Luanda itajaa haraka. Kutumaini limesimama katikati, nalo lina sura mbili. Ukisema "natumaini kwamba utakuja", hapo umetarajia tu. Ukisema "namtumaini mama yangu", hujataja tukio lolote. Umemtaja mtu. Hiyo -m- ndogo iliyojibana katikati ya kitenzi ndiyo imebeba uzito wote. Jirani zetu Waluo husema geno, nalo pia hubeba yote mawili, kwa hiyo mkanganyiko huu si wetu peke yetu.

Sasa angalia tunavyofanya. Mtoto amelazwa, tunasema tunamtumaini Mungu, lakini moyoni tunamaanisha "tunatumaini kwamba mtoto atapona". Si vibaya kutamani apone. Mimi pia ningepiga magoti. Lakini akifa, tunadhani tumaini limevunjika, au mbaya zaidi, anatokea mtu wa kusema kwamba halikutosha. Kilichovunjika ni tarajio. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli waliijua tofauti hii. Waliposimama mbele ya tanuru la Nebukadreza walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza maneno manne ambayo mahubiri mengi huyaruka: "Bali kama si hivyo". Walikuwa na tarajio, na walikuwa na nafasi ya tarajio hilo kukosa kutimia, na bado hawakuisujudia sanamu.

Swali la senge lakini halikuwa juu ya tanuru. Lilikuwa juu ya machozi, na hapo mahali pa kwenda ni Zaburi.

Kitabu cha Zaburi kina nyimbo 150, na sehemu kubwa yake ni maombolezo: watu wagonjwa, wanaosingiziwa, wanaowindwa, wanaoona Mungu amenyamaza. Chukua Zaburi 13, fupi, aya sita tu. Inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo "hata lini" inarudiwa mara nne katika aya mbili za kwanza. Mtu akisimama kanisani kwetu kwenye kipindi cha ushuhuda akamuuliza Mungu "mpaka lini?" mara nne mfululizo, nadhani mtu wa zamu angemvuta sketi akae chini. Hapa ameandikiwa wimbo, tena wimbo wa kuimbwa hekaluni mbele ya watu.

Halafu aya ya tano: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Kaa kidogo juu ya kitenzi hicho, maana watafsiri walikitendea haki. Kwanza, wakati wake ni wa -me-. Katika Kiswahili, -me- mara nyingi hueleza hali iliyoanza na bado ipo: amelala, amechoka, amekaa. Kwa hiyo "nimezitumainia" ni kama kusema nimekaa hapa, nimeketi kwenye fadhili hizi tangu kabla sijaanza kulia, na nilipokuwa nikiuliza hata lini sikuinuka. Pili, tazama anachokitumainia. Hakusema nimetumaini kwamba adui atashindwa. Ile -zi- inarejea kwenye fadhili, yaani wema wa Mungu mwenyewe na uaminifu wake kwa watu wake. Adui bado yupo mlangoni wimbo unapoisha. Hakuna aya inayosema ameondoka.

Kwa hiyo kulia na kutumaini havikupishana kama magari mawili kwenye daraja jembamba, moja lisubiri jingine lipite. Vimo katika aya sita za mtu mmoja. Tena mtu hamuulizi "hata lini" asiyemtumaini kabisa. Duka usilolitegemea hulilalamikii. Unavuka barabara tu kwenda lingine. Malalamiko ni dalili kwamba bado unategemea jibu kutoka kwa huyu na si kwa mwingine.

Aya ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili, hata hivyo, haimo katika Zaburi. Ni Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 5, aya ya 7: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu."

Kutwika! Yeyote aliyekua akichota maji mtoni anajua kutwika ni nini. Mtungi ukijaa huwezi kuupandisha kichwani peke yako bila kumwaga nusu. Unamwita mwenzako, "Nitwike." Ukifika nyumbani unaita tena, "Nitue." Hapa Kisumu, asubuhi soko la Kibuye likiamka, utawaona akina mama wawili wameinama pande mbili za gunia, wanahesabu moja, mbili, na gunia linapanda. Katika Kigiriki alichoandika Petro, kitenzi kile maana yake ni kutupa kitu juu ya kingine. Luka anakitumia kwa wanafunzi walipotupa mavazi yao juu ya mwana-punda kabla Yesu hajampanda. Watafsiri wa Kiswahili wangeweza kuandika "mkimtupia". Wakachagua neno la mzigo na kichwa. Nawashukuru, popote walipo.

Tazama picha ilivyogeuka. Sokoni ningeomba nitwikwe mimi. Petro anasema kichwa kilicho chini ya mzigo ni cha Mungu, nami ndiye ninayemtwika. Wala mzigo wenyewe si dhambi wala mahitaji kwa jumla. Ni fadhaa: lile vurugu la ndani, usingizi unaokatika saa tisa usiku, tumbo linalokaza simu ikilia. Hakusema mzikanushe fadhaa zenu au mziache nyumbani kabla ya kuja kanisani. Huwezi kumtwika mtu mzigo unaosema huna.

Na kuna jambo dogo la sarufi hapo. Aya hii haijisimamii. "Huku" yake inaning'inia kwenye aya ya 6, "nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari". Kutwika ndiko namna ya kunyenyekea. Yaani mwenye kiburi si yule anayelia. Ni yule anayetembea na gunia lake shingo imekakamaa, akiulizwa hali anasema "niko sawa, Bwana asifiwe".

Wengine watanijibu kwa kisa cha dhoruba: je, Yesu hakuwakemea wanafunzi kwa kuogopa? Swali zuri, na kwa watu wa ziwani si la mezani. Bahari ya Galilaya, ambayo hasa ni ziwa, ina urefu wa kilomita 21 hivi. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika hapa Kisumu, peke yake inaizidi kwa ukubwa mara kadhaa. Wavuvi wa omena hutoka usiku, na taa zao, usiku usio na mbalamwezi, na ni usiku huohuo ambapo radi na upepo wa Ziwa Victoria hupenda kuamka. Mwulize mvuvi yeyote pale ufuoni Dunga kama dhoruba ya Marko 4 ni hadithi ya watoto wa Sunday School.

Wanafunzi walimwamsha Yesu kwa maneno makali: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Kwa Marko, Yesu kwanza anaukemea upepo, ndipo anawauliza mbona ni waoga hivyo. Kwa Mathayo ni kinyume: swali kwanza, utulivu baadaye. Wanazuoni waendelee na lao. Ninachoona mimi ni kwamba katika masimulizi yote mawili hakuna aliyetupwa majini kwa kupiga kelele. Walikemewa, na waliokolewa, katika safari ile ile, kwa sababu ya kelele ile ile. Imani haba iliyomwamsha ilikuwa na faida kuliko heshima ambayo ingemwacha alale.

Nisieleweke vibaya, basi. Kutumaini si kulia tu, na kuna mambo mengine mawili ambayo hubandikwa jina hili bila haki.

La kwanza ni kukaa bure. Mithali 3:5 husema tusizitegemee akili zetu wenyewe, na kitenzi hicho kinamaanisha kuegemea, kama mtu anavyoegemea fimbo. Haisemi tusizitumie. Huku kwetu malaria ni ya mwaka mzima, na mtu anayeambiwa aache dawa ili aonyeshe tumaini ameambiwa jambo ambalo Biblia haikumwagiza. Nehemia alipotishwa na adui akijenga ukuta, aliomba na akaweka walinzi, vyote katika sentensi moja. Watu wa Budalang'i hali kadhalika: mto Nzoia ukianza kula kingo wanaomba, na godoro limeshapanda kwenye boda.

La pili ni biashara. Toa kiasi fulani, utaona muujiza kabla ya Ijumaa. Hilo halinihitaji maneno mengi. Anayefanya hivyo anautumaini mkataba.

Kuna pia fadhaa zisizo za nyumba moja, za mji mzima. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao, na hapa Kisumu maduka ya katikati ya mji yalikuwa majivu. Ugumu wa wakati kama ule ni kwamba kila upande una Wakristo na kila upande unaomba. Nadhani ndiyo sababu Zaburi nyingi za maombolezo zina hasira bila aibu. Mwombaji anasema mbele za Mungu kile ambacho angekitenda kwa panga. Paulo anawaambia Waefeso, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi", na hasira iliyotamkwa hadi mwisho katika sala huwa imepata pengine pa kwenda. Si dawa ya yote. Lakini nimeishi karibu vya kutosha na mwaka ule kujua kwamba wale walioniambia wamesamehe siku ya pili walikuwa bado hawajatwika chochote.

Yesu mwenyewe, Gethsemane, hakusema yuko sawa. Alisema, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa", akawaomba marafiki wakeshe naye, nao wakasinzia. Msalabani akachukua mstari wa kwanza wa Zaburi 22, Mungu wangu, mbona umeniacha. Ukitaka kupima tumaini kwa ukavu wa macho, utaanza kwa kumwondoa yeye kwenye orodha.

Mwaka jana nilimrudia senge na haya yote, nikiwa nimeyapanga vizuri kama mhubiri mgeni. Alinisikiliza huku akichambua mboga. Alipochoka akasema nimsomee ya huzuni kuliko zote. Nikafungua Zaburi 88, wimbo wa Hemani, ambao haugeuki. Zaburi nyingi za maombolezo hufika mahali zikasema "nami nimetumaini" au "nitamsifu". Hii inaanza kwa kumwita BWANA Mungu wa wokovu wangu, inalia mchana na usiku, na neno lake la mwisho kabisa ni "gizani".

Senge akauchukua ule ukurasa, akaufunua, kuona kama kuna sehemu iliyobaki upande wa pili.

"Inaendelea hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye Zaburi 89. "Fadhili za BWANA nitaziimba milele."

Nikamwambia hiyo ni nyingine, ya mtu mwingine, anaitwa Ethani.

"Basi Ethani aimbe," akasema, akaurudisha ukurasa nyuma na kuweka kalamu pale kwa Hemani. "Mimi bado niko hapa. Nisomee tena, polepole."