Alama ya CE haikufa Uingereza

Wengi wanaamini kwamba tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya mwaka 2020, kifaa chenye alama ya CE, yaani alama ya Umoja wa Ulaya inayoonyesha kuwa bidhaa inakidhi kanuni zake, hakiruhusiwi tena kuuzwa huko, na kwamba lazima kiwe na UKCA, alama ya Uingereza ya aina hiyohiyo. Imani hiyo ina chimbuko lake. UKCA ilianza kutumika Januari 2021, na mpango wa awali ulikuwa CE ikome baada ya muda mfupi. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, hadi mwaka 2023 serikali ikatangaza kuwa CE itaendelea kukubaliwa bila kikomo kwa bidhaa nyingi, zikiwemo mashine, vifaa vya umeme na vitu vya kuchezea watoto. Sheria ya kulithibitisha hilo ilianza kazi Oktoba 2024. Vifaa tiba vina utaratibu wao.

Kinyume chake hakipo: UKCA pekee haifai Ufaransa wala Ujerumani, na hata Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, bado inadai CE.

Ukitaka kuhakiki, chukua drili uigeuze. Kwenye kibandiko tafuta alama, modeli, na jina na anwani ya mtengenezaji. Kisha fungua boksi utafute tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inakidhi kanuni. Modeli iliyoandikwa humo ilingane na ya kwenye kibandiko. Hapo ndipo bandia inaweza kujikwaa. Na kwa vifaa vingi vya kawaida, mtengenezaji mwenyewe ndiye anayebandika CE. Si cheti kilichotolewa na Umoja wa Ulaya kule Brussels.