Bodi za usumba na saruji Kigoma: dhana potofu na ukweli

Hesabu za humu zote ni za bodi ya dari ya sentimita 60 kwa 60, unene milimita 10. Bodi moja hula saruji kilo 2.4, usumba mkavu (nyuzi za kumbi la nazi) kilo 1, na maji lita 1 hadi 1.2. Ikishakomaa huwa na uzito wa kilo nne hivi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa bodi 20, na hapo umeshatoa kidogo kinachomwagika.

"Malighafi ni bure, imejaa kila mahali."

Pwani, pengine. Nazi zinazopandishwa huku bara nyingi huwa zimeshafuliwa, na kumbi limebaki huko huko zilikoangushwa. Kumbi moja hutoa usumba wa gramu 80 hadi 100, kwa hiyo bodi 20 za siku moja zinataka makumbi 200 hadi 250. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na usumba ambao haukufungwa marobota hujaza behewa kabla haujafikisha uzito wa maana. Ukiagiza, agiza uliobanwa. La sivyo unalipia kusafirisha hewa.

Kilichojaa Kigoma ni michikichi. Mkungu ukishapukuchuliwa unabaki na nyuzi ngumu nzuri tu, na kwenye vinu vya mawese vya Ujiji, Mwandiga na Simbo mikungu hiyo hutupwa au huchomwa. Lakini nyuzi za mkungu si usumba. Zina sukari, na zina mafuta, na uji wa saruji haushiki juu ya mafuta. Zichemshe, au zilaze usiku mmoja kwenye maji yenye kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, gramu 10 hadi 20 kwa lita. Kisha suuza mpaka povu liishe kabisa. Povu ni sabuni: mawese na soda vimekutana ndani ya pipa lako, na sabuni ikibaki kwenye nyuzi inaingiza vipovu vya hewa kwenye saruji na bodi inakuwa kama sponji. Vaa glavu za mpira na miwani, na maji hayo yasielekezwe ziwani wala kwenye kijito.

"Usumba ni usumba, unachanganya na saruji moja kwa moja."

Hili ndilo linaloua bodi nyingi kuliko mengine yote. Loweka usumba usiku mmoja uone rangi ya maji: mekundu ya kahawia kama chai ya rangi. Hiyo rangi, pamoja na sukari iliyomo, ndiyo inayozuia saruji kushika. Bodi inatoka kwenye presi kesho yake ikiwa laini kama biskuti iliyochovywa, na fundi analaumu saruji.

Loweka siku moja hadi tatu, ukibadilisha maji kila siku, mpaka yatoke karibu meupe. Anika. Kisha kung'uta na chekecha, kwa sababu kumbi kwa sehemu kubwa si nyuzi bali unga, na unga huo hunywa maji na kula saruji bila kuongeza nguvu yoyote. Kata nyuzi ziwe sentimita 3 hadi 5. Ndefu zaidi ya hapo zinajiviringisha mabonge, na katikati ya bonge saruji haifiki.

Kabla ya kumwaga hata kilo moja, fanya jaribio la chupa ya chai. Chukua saruji gramu 200, nyuzi zilizokatwa gramu 15, maji mililita 90. Changanya, tia kwenye mfuko wa nailoni, ingiza kipimajoto katikati, weka yote ndani ya chupa ya chai na uzibe mdomo kwa kitambaa. Saruji inaposhika hutoa joto. Soma kila saa, mchana na usiku. Joto likipanda kupita nyuzi 60 za Selsiasi, malighafi yako inafaa. Likiishia chini ya 50, rudi ukaoshe. Usitumie kipimajoto cha homa. Hicho kinaishia nyuzi 42 na kitapasuka. Fanya hivi kwa kila shehena mpya, hasa nyuzi za michikichi, maana mikungu ya wiki hii na ya mwezi ujao haifanani.

"Tia chumvi, itashika haraka. Ya Uvinza ipo."

Chumvi ya kula inaharakisha kidogo, kisha inabaki ndani ikivuta unyevu wa hewa. Masika yakiingia dari inatoa madoa meupe na misumari inaota kutu. Kinachotumika ni kloridi ya kalsiamu, asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa saruji. Kwa bodi moja ni gramu 48 hadi 72, zikayeyushwa kwanza kwenye maji. Nayo hula chuma, kwa hiyo usiweke wavu wa waya ndani, na bodi zipigiliwe kwa misumari iliyopakwa zinki. Wala haiokoi nyuzi chafu.

"Nyuzi zikizidi, bodi inakuwa nyepesi na rahisi."

Uwiano unaofanya kazi ni saruji 70 kwa nyuzi 30, kwa uzito. Pima kwa mizani, si kwa ndoo: ndoo ya usumba uliochambuliwa na ndoo ya usumba uliobanwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Nyuzi zikipita hapo, uji hautoshi kuzipaka zote, bodi inavimba ikipata unyevu na kingo zinachanika. Saruji ikizidi sana nayo unapata kitu kizito kinachopasuka ukipigilia msumari.

Mpangilio wa kuchanganya una maana kuliko watu wanavyodhani. Nyunyizia nyuzi maji kwanza, zilowe sawasawa, kisha pukuta saruji juu huku unageuza kwa mikono yenye glavu, mpaka kila uzi uwe na rangi ya kijivu. Ukianza na uji ukatumbukiza nyuzi, umepata mabonge. Kamata konzi ukaminye: ikichuruzika, maji yamezidi, na presi itayasukuma nje yakiwa yamebeba saruji yako.

"Jeki ya lori inatosha."

Inategemea bodi, na hapa hesabu ni fupi. Jeki ya tani 20 juu ya bodi ya sentimita 120 kwa 60 inatoa shinikizo la kilo 2.8 tu kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo inasawazisha mchanganyiko lakini haiubani. Jeki ya tani 50 juu ya bodi ya 60 kwa 60 inatoa karibu kilo 14 kwa sentimita ya mraba, na hapo unapata bodi ya dari yenye mwili. Viwanda vikubwa hutumia zaidi ya hapo, na ndiyo sababu vinaweza kutoa bodi kubwa. Mdogo asianze na bodi ya futi nane kwa nne; aanze na 60 kwa 60, ambayo mafundi wa dari wameshaizoea.

Bodi zikipangwa moja juu ya nyingine, kila moja hupata shinikizo lile lile, kwa hiyo jeki moja inabana mrundo mzima. Unahitaji bamba la chuma kati ya kila bodi na bodi, yaani bamba 21 kwa bodi 20, na hapa ndipo pesa ya mtaji inapokwenda kuliko kwenye jeki. Paka bamba mafuta kidogo sana au tandika nailoni. Mwaga mchanganyiko kwenye kalibu, uwe na kina cha sentimita 4 au 5, ukijaza pembe zaidi ya katikati, maana pembe ndizo huvunjika kwanza. Pachika vyuma vya milimita 10 pembeni ili presi isishuke kupita hapo.

Sasa kosa la usiku: jeki ya mafuta hulegea polepole. Ukiiacha peke yake hadi asubuhi, nyuzi zinajisukuma kurudi, bodi zinatoka na unene wa milimita 13 na ndani zimefunguka. Fremu iwe na boliti nne nene. Jeki ikishabana, kaza nati, ndipo utoe jeki. Mrundo ukae umefungwa saa 24. Tumia saruji ya 42.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) ukiipata, ya 32.5 hushika taratibu zaidi, na kwa hiyo utaongeza saa za kufunga.

"Jua la Kigoma litazikausha siku mbili."

Litazikausha, na zitakuwa mbovu. Saruji haipati nguvu kwa kukauka. Inapata kwa kuendelea kuwa na maji. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, hewa ni kavu na bodi iliyoachwa uani inapinda kama kambale wa kukaushwa, kwa sababu uso wa juu umekauka kabla ya wa chini. Zifunike kwa magunia mabichi au nailoni kivulini siku 14 za kwanza. Kisha zipange na vijiti katikati zipate hewa pande zote mbili. Siku ya 28 ndiyo ya kuuza.

"Haziozi, haziliwi na mchwa, haziungui. Zinafaa hata paa."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ni ghali. Saruji ina ukali wa alkali, na alkali hiyo polepole huifanya nyuzi ya mmea kuwa kavu na tete. Usumba huvumilia kuliko katani, lakini hauvumilii milele, hasa ukilowa na kukauka, ukilowa na kukauka. Miaka ya 1970 na 1980 vigae vya paa vya saruji na nyuzi za mimea vilisambazwa katika nchi nyingi zinazoendelea. Vingi vilipasuka baada ya miaka michache, na teknolojia ikahamia kwenye vigae vya mchanga na saruji visivyo na nyuzi. Kwa hiyo: dari, ndiyo. Ukuta wa kugawa vyumba, ndiyo. Paa, hapana.

Ukitaka kupunguza ukali huo, badilisha kilo 0.4 kati ya zile 2.4 za saruji kwa majivu ya pumba za mpunga yaliyoungua mpaka yakawa ya kijivu cheupe, yakasagwa laini. Meusi ni mkaa, hayafai. Unga wa matofali ya kuchoma uliochekechwa kwa chekeche la unga wa kula nao unafaa. Katika hali hiyo acha presi saa 48, kwani nguvu ya mwanzo hupungua.

Mchwa: bodi yenyewe haimvutii, lakini anapita juu yake kufuata mbao ulizoipigilia. Tibu mbao. Moto: haiwaki kwa miali, ila moto ukikaa muda mrefu nyuzi zinaungua ndani na bodi inapoteza nguvu.

"Hizo ni asbesto."

Siyo. Asbesto ni madini yanayochimbwa. Usumba unatokana na mmea. Hata hivyo vumbi la saruji si rafiki wa mapafu, kwa hiyo kata bodi ikiwa imeloweshwa kidogo na vaa barakoa.

"Ukiwa na presi, pesa inaanza kesho."

Ukitoa bodi 20 kwa siku, siku sita kwa wiki, kabla bodi ya kwanza haijafika siku 28 utakuwa na bodi 480 bandani. Hizo ni karibu tani mbili za mzigo na mifuko 24 ya saruji ambayo umeshailipa na hujauza kitu. Banda liwe na ukubwa huo, na mfuko wako pia. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kinataka bodi 36, kilo 144 juu ya vichwa vya watu. Mwambie fundi akaze mbao za dari kila sentimita 60 pande zote mbili, na atoboe tundu kwanza kabla ya msumari, sentimita 2 kutoka ukingoni.

Kwa alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, mjasiriamali mdogo huanzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho. Peleka bodi zilizofikisha siku 28. Andika tarehe ya kutolewa kwenye presi nyuma ya kila bodi, kwa kalamu isiyofutika. Chaki inafutwa na gunia bichi.