Maelezo ya Aliyebakwa: Yachukuliwe Mapema, Yasichukuliwe kwa Pupa

Mtu aliyebakwa anapofika kituo cha polisi, cha kwanza kumuuliza ni kama ameumia na kama yuko salama. Alivaa nini si swali la kuanzia, wala si la kumalizia.

Wapelelezi wengi huchanganya vitu viwili. Kuna taarifa ya awali, ambayo ni fupi: kimetokea nini, wapi, lini, na nani kama anamjua. Hiyo iandikwe palepale, maana ndiyo inayowezesha eneo la tukio kulindwa na mtuhumiwa kutafutwa kabla hajabadili nguo. Halafu kuna maelezo kamili. Haya yanataka chumba chenye faragha, mhoji aliyefunzwa na, mara nyingi, mwathirika aliyepata walau usiku mmoja wa kulala. Ukimshikilia saa tano kwenye benchi ili umalize yote kwa mkupuo, utapata kurasa nyingi zenye ushahidi haba.

Hospitali nayo haisubiri jalada. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayookolewa ni faida. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Vielelezo vya mwilini hupotea haraka. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu, ukungu ukaota na vinasaba vikaharibika. Aliyekwisha kuoga naye aende: majeraha hayasafishiki kwa sabuni.

Sasa tuje kwenye kalamu yenyewe, maana hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Hofu kali huvuruga kumbukumbu. Mtu anaweza kukumbuka harufu ya jasho na mlio wa mlango, asikumbuke ilikuwa saa ngapi. Askari akimng'ang'ania ataje saa, atataja ya kukisia, na miezi baadaye wakili wa utetezi ataishika hiyohiyo. Afadhali kumwambia, "Nieleze unachokumbuka, anzia popote," kisha kunyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa askari, nakiri.

Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa. Mtoto akisema "alinifanyia tabia mbaya", usimwandikie "aliniingilia kimwili bila ridhaa yangu". Hakuna mtoto wa miaka saba anayezungumza hivyo, na hakimu anajua. Muulize tabia mbaya ni kufanya nini, kisha andika jibu lake pia. Mwishoni asomewe maelezo yake, arekebishe, ndipo aweke sahihi au dole gumba. Palipokosewa pakatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, pasifutwe. Akikumbuka jambo wiki ijayo, yaandikwe maelezo ya nyongeza yenye tarehe yake. Ya kwanza yasiguswe.

Mahakama nazo zina njia za kumpunguzia kurudia simulizi lilelile. India, baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2013, maelezo hupaswa kuchukuliwa na afisa wa kike, na hakimu huyarekodi mara polisi wanapopata taarifa ya kosa. Iceland ilianzisha mwaka 1998 nyumba maalumu ambamo mtoto huhojiwa na mtaalamu mmoja, huku jaji na mawakili wakifuatilia kutoka chumba kingine. Uingereza nayo sheria ya mwaka 1999 iliruhusu hata maswali ya utetezi kurekodiwa kabla ya kesi kusikilizwa. Kwangu mimi njia ya Iceland ndiyo bora, ingawa ina gharama.

Na aliyekuja baada ya miezi? Kuchelewa si ushahidi wa uongo. Wengine hutishwa, wengine humtegemea mbakaji kwa chakula na pa kulala. Muulize kwa upole nini kilimzuia, uandike jibu lake siku hiyohiyo. Swali hilo litaulizwa mahakamani bila shaka, na jibu litakuwa tayari ndani ya jalada.