Mwezi Mmoja wa Mazoezi na Mlo: Maswali na Majibu ya Kujikagua

Kila Januari inapokaribia kuisha, maswali huwa yale yale. Watu walioazimia kufanya mazoezi na kula vizuri wanapanda mizani, wanatazama namba moja, na wengi wanavunjika moyo papo hapo. Nayajibu hapa kwa kirefu kwa sababu wengi wanaacha wakati mwili umeshaanza kuitikia, ila hawajui waangalie wapi.

Nimetembea na kukimbia mwezi mzima, soda nimeacha, lakini nimepungua nusu kilo tu. Nakosea wapi?

Huenda hukosei popote. Mizani hupima kila ulichonacho: maji, chakula kilichomo tumboni, misuli, mifupa na mafuta. Kwa siku moja uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kilo moja hadi mbili bila mafuta kubadilika hata kidogo. Ukila nguru wa chumvi jioni, asubuhi mwili bado umeshikilia maji. Wanawake wengi huongezeka siku chache kabla ya hedhi kisha hupungua. Kwa hiyo, dada, linganisha siku ile ile ya mzunguko wako mwezi huu na mwezi uliopita.

Kuna na hili la misuli. Misuli inayoanza kufanyishwa kazi huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ndiyo maana anayeanza mazoezi anaweza kuona mizani imegoma. Na ndiyo maana anayeacha ugali na wali kwa ghafla hupungua kilo mbili ndani ya wiki, kisha kilo hizo zinarudi siku anayokula kama zamani, kwa kuwa kilichoondoka zaidi ni maji.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Mazoezi peke yake hupunguza uzito polepole mno. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka kwa nusu saa anaunguza kilokalori 150 hivi. Soda moja ya sukari ya mililita 300 inazirudisha karibu zote, na chapati moja ya mafuta hupita hapo. Kama soda umeacha lakini chai ya asubuhi bado ina vijiko vinne vya sukari na inasindikizwa na maandazi matatu, hapo ndipo pa kuanzia. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri kabisa, na anayekwenda taratibu zaidi ya hapo hajashindwa.

Jipime mara moja kwa wiki: siku ile ile, mizani ile ile, asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya chai. Andika. Mwisho wa mwezi tazama namba zote nne zinaelekea wapi, usihukumu kwa moja.

Mizani haijashuka lakini suruali zinanilegea. Inawezekana kweli?

Inawezekana, na kwangu mimi hiyo ni habari njema kuliko ya mizani. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayoudhuru zaidi moyo na kuvuruga sukari mwilini, na mazoezi huyapunguza hata kama uzito haubadiliki.

Yafuatilie kwa tepu ya fundi cherehani. Simama wima, tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho kwa chini na mfupa wa nyonga kwa juu, pitisha tepu katikati ya hapo ikigusa ngozi, toa pumzi kama kawaida, kisha soma. Usivute tumbo ndani. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kuongezeka mwanaume anapovuka sentimita 94 na mwanamke anapovuka 80; hupanda sana kuanzia 102 kwa mwanaume na 88 kwa mwanamke. Mjamzito asitumie vipimo hivi.

Na wale wanaolala chali kuinua kiwiliwili mara mia kwa ajili ya kitambi: zoezi hilo hukaza misuli ya tumbo, lakini halichomi mafuta ya mahali hapo tu. Kutembea haraka, kukimbia na kupunguza mlo ndivyo vinavyokipunguza.

Niliazimia siku tano kwa wiki. Wiki nyingine nimefanya mbili, na wiki moja sikufanya kabisa kwa mvua na mtoto kuumwa. Nisubiri mwaka mwingine?

Hapana. Endelea kesho. Swali hili ndilo ninalolijali kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoachia.

Chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Weka alama kila siku uliyofanya. Kwenye kila siku uliyokusudia ukakosa, andika sababu kwa neno moja: mvua, foleni, uchovu, ugonjwa. Kisha tazama ni neno gani linajirudia. Kama ni foleni, muda wa jioni haukufai; hamia alfajiri, au shuka daladala vituo viwili kabla ya chako utembee. Kama ni mvua, tayarisha mazoezi ya ndani: kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta kwa mikono. Kama ni uchovu, tazama kwanza unalala saa ngapi, maana mtu mzima anahitaji walau saa 7 na wengi wanaojilazimisha kuamka saa kumi na moja bado wako kwenye simu saa sita usiku. Mtoto kuumwa hakuhitaji dawa yoyote ya ratiba. Ulikuwa mahali ulipotakiwa kuwa.

Kisha shusha lengo mpaka lifikike. Uliyefanya siku mbili, mwezi ujao panga tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani mwendo ambao bado unaweza kuzungumza lakini kuimba kunakushinda, pamoja na siku mbili za mazoezi ya kuimarisha misuli. Katika mwongozo wake wa 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike walau dakika 10. Dakika sita za kupanda ngazi zinahesabika, nane za kuwahi kituoni zinahesabika. Na aliyefikisha dakika 60 tu kwa wiki ameshaupa mwili faida ambayo asiyefanya kitu hana.

Kuhusu mazoea, wanasaikolojia wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijifunza jambo moja dogo la kila siku. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba ilichukua kwa wastani siku 66 jambo hilo kuwa la kujifanya lenyewe, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Kwa hiyo mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kuona bado unajikokota ni jambo la kawaida kabisa.

Kwa walioko Tanzania, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitengwa kwa mazoezi katika kampeni iliyozinduliwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais. Mimi hupendekeza siku hiyo hiyo iwe ya kukagua kalenda, tena pamoja na wenzako wa kikundi cha jogingi, kwa sababu anayejua kwamba wenzake watamuuliza huamka.

Mimi ni mama lishe, nasimama tangu alfajiri. Nina haja gani ya mazoezi?

Pole na kazi, mama. Kubeba ndoo, kuchota, kusukuma chapati na kutembea sokoni ni mazoezi na yahesabu. Kusimama mahali pamoja jikoni ni kitu kingine: kunachosha miguu na mgongo, lakini mapigo ya moyo hayapandi vya kutosha. Kinachokufaa ni dakika kumi na tano za mwendo wa haraka ukienda au ukirudi. Jioni inua miguu juu ya mto. Na mwezi huu kagua kuonja kwako, maana vijiko vya mchuzi na vipande vya chapati kutwa nzima ni mlo ambao haujauandika popote.

Simu yangu inadai hatua 10,000 kwa siku, mimi nafikisha 6,000. Ni kazi bure?

Si kazi bure hata kidogo. Namba hiyo ilienea kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka maabara. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wazee nchini Marekani, wenye wastani wa miaka 72. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wa 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kijana anaweza kulenga juu zaidi. Ongeza hatua 1,000 mwezi ujao, inatosha.

Mwanangu, nina miaka 63. Presha ilikuwa 156/96. Baada ya mwezi wa kutembea na kupunguza chumvi imesoma 132/84. Niache vidonge?

Shikamoo mzee wangu, na hongera sana. Usiache. Namba hiyo nzuri imeletwa na vidonge, miguu yako na chungu cha mkeo vikifanya kazi pamoja, na ukiondoa kimoja inaweza kurudi juu bila wewe kuhisi chochote, kwa kuwa presha mara nyingi haina dalili mpaka ilete kiharusi. Mwenye mamlaka ya kupunguza dozi ni daktari wako, naye atataka vipimo vingi vya siku tofauti.

Vipate hivyo vipimo kwa njia sahihi. Kaa kimya dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa, usivute sigara, usitoke mazoezini. Nenda haja ndogo kwanza. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, andika zote mbili.

Chumvi kwa siku isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo inajumuisha ya papa, ya viungo vya mchuzi vya pakiti na ya chipsi. Wengi hukagua kibakuli cha mezani wakasahau sufuria.

Maumivu yapi ni ya kawaida?

Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu baada ya zoezi jipya ni kawaida, hupoa yenyewe. Goti au kifundo kilichovimba si kawaida. Pumzisha, kapime kama hakitulii. Kifua kubana, kizunguzungu, kuishiwa pumzi kupita kiasi au moyo kwenda ovyo: simama hapo hapo na utafute msaada wa hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini abebe kitu cha sukari mfukoni na apange mazoezi na anayemtibu.

Mwezi huu nimepungua kilo sita na sijajitahidi sana. Nifurahi?

Hapana, nenda kituo cha afya wiki hii. Kupungua bila kutaka ni dalili. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku, upimwe kifua kikuu. Ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, upimwe sukari. Pima na virusi vya UKIMWI. Dawa zipo na zinafanya kazi. Kama umekuwa ukinywa chai za kukata tumbo, beba pakiti yake umwonyeshe mhudumu, kwani nyingine zina dawa za kuharisha, na zinachoondoa ni maji na madini ya mwili.

Vipimo vya maabara nirudie lini?

Presha unaweza kuilinganisha baada ya mwezi. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari, subiri miezi mitatu, kwa sababu chembe nyekundu za damu zinazobeba kumbukumbu hiyo huishi siku 120 hivi na nyingi ulizonazo leo zilikuwepo kabla hujaanza. Ukienda, ibebe na ile kalenda. Daktari atakusaidia vizuri zaidi akiona ulichofanya kuliko ukimsimulia kwa kukumbuka.