"Nina mawazo tu": maswali kuhusu hisia zisizotajika

Nikiulizwa nina nini, hujibu "nina mawazo tu". Ukweli ni kwamba mwenyewe sijui ninachohisi. Ni ugonjwa?

Hapana. "Mawazo" ni kapu: ndani yake mna hofu, uchungu, wivu, deni la kodi, yote yamechanganyika. Wapo watu ambao kuyachambua huwawia vigumu mno. Miaka ya 1970 daktari wa akili Peter Sifneos aliipa hali hiyo jina la aleksithimia, kutokana na Kigiriki, yaani kukosa maneno ya hisia. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 10 anayo kwa kiwango fulani, na huonekana zaidi kwa wenye usonji. Wengine wamekuwa hivyo tangu utotoni, wengine imewaanza baada ya mambo mazito.

Mbona kinachouma ni mwili?

Kwa sababu hisia kali ni tukio la mwili pia. Adrenalini ikimwagika, moyo huenda mbio, shingo hukakamaa, tumbo husokota. Asiyejua kuwa ana hofu huona tumbo tu. Anapima malaria, taifodi, presha, haonekani na kitu, anarudi na dawa za maumivu, na nyumbani wanaanza kumwambia anajidekeza. Hajidekezi, maumivu yake ni ya kweli.

Ila tahadhari: kifua kikibana na maumivu yakaelekea mkononi au kwenye taya, au pumzi ikikata, wahi hospitali. Usijiambie ni mawazo.

Nimelelewa kuwa mwanaume halii. Nikijikaza, hisia si zitapita?

Utawaficha watu, mwili wako hutauficha. Mwaka 1997 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson wa Marekani walichapisha utafiti ambapo watu walitazama filamu, za huzuni zikiwemo, na baadhi wakaagizwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Lakini huzuni waliyoisikia haikupungua, na vipimo vya moyo na mishipa ya damu vilionyesha miili yao ikihangaika zaidi kuliko ya wale walioachwa huru.

Sisemi kila mtu alie sokoni. Muuguzi hawezi kuangua kilio mbele ya mgonjwa, na konda akimjibu kila abiria anayemtukana gari halitafika. Kuahirisha ni busara. Shida ni yule anayeahirisha miaka kumi: alijikaza msibani ili awasimamie wadogo zake, na mpaka leo hajapata siku yake ya kulia. Huyo "jikaze kisabuni" haimfai hata kidogo.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye mwili: panauma wapi, tangu lini, na muda mfupi kabla ya hapo nani alisema nini? Kisha tafuta neno, na Kiswahili hakijatunyima. Hasira hupanda ikashuka, kinyongo hukaa. Aibu unaweza kuiona ukiwa peke yako, fedheha inataka watazamaji. Usijali ukikosea, jaribu neno jingine. Utafiti wa mwanasaikolojia Matthew Lieberman wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa mtu anapoitaja hisia anayoiona kwenye picha ya uso, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka mapema, hupunguza kasi. Halafu toa dukuduku kwa mtu mmoja asiyetangaza. Ukimkosa, andika kwenye simu, kisha futa.

Niende hospitali lini?

Ukipitisha wiki mbili usingizi au hamu ya kula imepotea, ukinywa pombe ili utulie, au hasira ikiishia kwenye kupiga watu nyumbani. Fikra za kujiua hazingoji wiki mbili: nenda siku hiyo hiyo, na usibaki peke yako. Ukiingia kwa daktari usiishie kwenye "kichwa kinauma". Mwambie kilianza kuuma baada ya nini.