Uimara na Ustahimilivu wa Unyevu katika Kompositi za Nyuzi Asilia

Kompositi ya nyuzi asilia ni nyenzo inayoundwa kwa kupachika nyuzi za mimea, kama vile katani, kitani au usumba wa nazi, ndani ya resini (kimiminika kinachonata na kisha kuwa kigumu) au plastiki inayozishika pamoja. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo, na resini huusambaza mzigo huo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo uimara wa kompositi hautokani na uzi peke yake, bali pia na jinsi uzi na resini vinavyoshikana. Uzi wa katani huweza kuhimili mvuto wa megapaskali 400 hadi 700 (kipimo cha nguvu kwa kila eneo) kabla ya kukatika, lakini ukichomoka kwenye resini kama msumari uliolegea ukutani, nguvu hiyo haifai kitu.

Mshikamano huo huo ndio unaoshambuliwa na unyevu. Selulosi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzi, imejaa vikundi vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) vinavyovuta maji, ilhali plastiki kama polipropilini huyakataa. Uzi ukinywa maji huvimba na kuisukuma resini mpaka ifanye nyufa ndogo. Ukikauka hunywea na kuacha mwanya, ambao nao huwa njia ya maji mengine. Ukingo uliokatwa kwa msumeno ndio dhaifu zaidi, kwa kuwa hapo ncha za nyuzi, zenye uwazi ndani mithili ya mrija, zimeachwa wazi. Ajabu ni kwamba unyevu kiasi huweza wakati mwingine kuiongezea kompositi uwezo wa kuhimili kishindo, maana maji huilainisha, ingawa ukakamavu wake hupungua.

Ufyonzaji hupimwa kwa mizani: kipande kikavu cha gramu 20 kikizamishwa majini kwa saa 24, kikafutwa na kufikia gramu 21, kimefyonza asilimia 5. Kipimo hicho pekee hakitoshi, kwa sababu bamba nene huendelea kufyonza kwa majuma kadhaa. Ni afadhali kuvunja pia vipande vikavu na vilivyolowa, kisha kulinganisha.

Ili kupunguza tatizo, nyuzi hulowekwa kwanza katika myeyusho wa haidroksaidi ya sodiamu (soda kali), ambao huondoa nta pamoja na sehemu ya hemiselulosi, kijenzi cha uzi kinachoambatana na selulosi na kinachopenda maji kuliko vyote, na kuuacha uso wa uzi ukiwa na mikwaruzo ya kushikwa na resini. Myeyusho ukizidi ukali, uzi wenyewe hudhoofika. Na kwa kuwa tiba hiyo haizibi ncha, kingo hupakwa resini upya baada ya bamba kukatwa.